Difu Mpya ya Datsun ya Aly

Jumatatu, 24 Machi

Jedida ameniletea daftari hili kutoka Kilifi, lina nembo ya shule anayofundisha. Anataka niandike kila siku ili nisisahau dawa ya macho. Binti yangu anadhani macho na akili ni kitu kimoja. Mimi sisahau kitu. Nakumbuka hadi nambari za magari niliyotengeneza mwaka niliofika Malindi, na hiyo ni miaka thelathini na sita.

Lakini karatasi ni za bure, basi nitaandika. Nianze na lile ambalo hakuna anayelijua ila yeye, kwa sababu tulikuwa pamoja kwa daktari: nina presha ya macho. Pembeni pote ni ukungu. Katikati bado naona, ila rangi zimefifia kama nguo iliyofuliwa mara mia. Daktari alisema kilichokwenda hakirudi, na kwamba matone ni ya kulinda kilichobaki. Jedida anataka nifunge gereji nirudi Othaya, kwenye nyumba niliyoijenga na ambayo sijawahi kulala ndani yake hata wiki mbili. Tuligombana mpaka tukafikia makubaliano: nikiharibu kazi moja kubwa, moja tu, nafunga. Yeye ndiye aliyeyataja masharti hayo, na mimi kwa hasira nikayakubali.

Mvua bado. Joto la kuua mtu.

Alhamisi, 27 Machi

Dawa asubuhi, dawa jioni. Breki za tuktuk mbili.

Jumatano, 2 Aprili

Aly amekuja na gari la marehemu babake. Ukoo wa Aly ndio wenye ardhi iliyo chini ya gereji yangu. Mabati na nguzo ni vyangu, mchanga ni wao. Ni mtu wa miaka hamsini, mpole, huongea kana kwamba kila neno amelikung'uta kwanza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Idd ilikuwaje?"

"Alhamdulillahi, imepita salama. Mzee Ndirangu, nimekuletea kitu ambacho hapa Malindi nadhani wewe pekee ndiwe utakayekijua."

Akafungua gunia. Nilipoingiza mkono tu nikajua. Ilikuwa difu ya kubana, imetoka kwenye gari chakavu la Kijapani huko Mombasa, nzito kama mtoto wa miaka miwili. Mwili ulinisisimka. Mara ya mwisho kuishika difu ya namna hiyo nywele zangu zilikuwa nyeusi.

"Waweza kunitilia kwenye Datsun hii? Mwezi wa sita kuna mbio za Marafa, za kupanda kile kilima cha udongo. Kila mwaka mimi hukwama pale chini na watu hunicheka. Baba hakukwama hata mara moja."

"Naweza," nikajibu kabla hajamaliza.

Jedida, najua siku moja utalisoma daftari hili, kwa hiyo nakueleza wewe usiyejua magari. Datsun ya Aly ni ya mwaka 1971, milango minne, silinda nne, nyepesi na ina hasira. Difu ni lile boga la chuma lililo katikati ya magurudumu ya nyuma, linalogawa nguvu ya injini kulia na kushoto. Difu ya kawaida ina ujinga mmoja: gurudumu moja likiingia kwenye tope, nguvu zote zinakwenda kwa hilo linalozunguka bure, na lile lililo kwenye ardhi ngumu linakaa tu. Hii ya Aly ina sahani ndogo ndani zinazobanana, ili magurudumu yote mawili yasukume. Kuitia kunataka zaidi ya spana. Unahamisha lile gurudumu kubwa la meno, tunaloliita krauni, kutoka difu ya zamani hadi hii mpya, kisha unalipanga upya na gia ndogo inayolizungusha, mpaka meno yaumane katikati kabisa. Ukikosea kwa unene wa karatasi, difu italia barabarani, na mwisho italiwa meno.

Hapa pwani kazi hiyo naijua mimi. Na Mwaro wa Ganda, kwa sababu nilimfundisha.

Ijumaa, 4 Aprili

Nimepita Ganda kwa tuktuk kuchukua betri. Nje ya uwanja wa Mwaro nimeiona Probox ya mwalimu mkuu, nyeupe, yenye ule mlango wa nyuma uliobonyea. Gari hilo lilitoka kwangu Ijumaa iliyopita! Giaboksi nimeishusha kwa mikono yangu. Wiki moja tu, amelipeleka kwa Mwaro.

Mwaro alikaa kwangu miaka kumi na moja. Alikuja hajui kushika nyundo, akaondoka anajua kusikiliza injini kama daktari anavyosikiliza kifua. Alipoondoka kwenda kufungua kwake Ganda hatukugombana, lakini sheria ya gereji anaijua. Niliipokea kutoka kwa Singasinga aliyenifundisha kazi Nakuru: ukishaondoka kwa mwalimu wako, huingii tena kwake na spana mkononi mpaka akuite. Kuingia bila kuitwa ni kumwambia mbele ya watu kwamba ameshindwa.

Sijamwita. Sitamwita. Na sasa ananiibia wateja.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua ya kwanza, nzito, imetoboa lile bati la nyuma. Difu ya zamani imeshuka.

Jumatatu, 14 Aprili

Aibu. Jumamosi niliziosha zile sahani kwa mafuta ya taa, nikazipanga mezani zikauke, nikaenda nyumbani. Leo asubuhi Kahaso, anayeuza mahamri na chai langoni pangu, ameingia na kikombe changu, akasimama.

"Mzee Ndirangu, hivi vyuma vyako vimepakwa hina?"

Kutu. Siku mbili za upepo wa bahari juu ya chuma kisicho na oili. Mtu aliyefika Malindi jana anasamehewa kosa hilo, maana bara unaosha chuma Jumamosi na Jumatatu unakikuta kama ulivyokiacha. Mimi nina miaka thelathini na sita hapa. Na lililonikera zaidi ni kwamba nilikuwa nimezishika sahani hizo nusu saa nzima kabla Kahaso hajaingia, na wekundu sikuuona.

Nimezisugua moja moja kwa msasa laini, nikaziloweka kwenye oili. Zimepona. Kahaso nimemwambia auze mahamri yake aachane na vyuma.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Kanisani nimemkanyaga mama mmoja miguu miwili yote.

Jumanne, 22 Aprili

Leo nimefunga krauni na kupanga meno. Niandike pole pole.

Njia yangu ya kupima meno ni hii, na kila fundi aliyepita kwangu anaijua. Unachukua bluu ya kufulia ya unga, unaichanganya na mafuta ya kupikia yaliyoganda, unapaka kwenye meno ya krauni, kisha unazungusha kwa mkono. Pale meno yanapoumana, bluu inafutika. Doa likiwa katikati ya jino, umefaulu. Likiwa juu kwenye ncha au chini kwenye shina, unafungua, unahamisha zile bati nyembamba za pembeni, unaanza upya. Wengine wana rangi maalumu za dukani. Mimi natumia bluu kwa sababu Singasinga aliitumia, na kwa sababu nilikuwa nikiliona doa lake hata kwa mwanga wa mshumaa.

Nilipaka. Nikazungusha. Nikainama na tochi.

Nikaona kijivu. Jino kijivu, doa kijivu, vidole vyangu kijivu. Nikasogeza tochi, nikatoka na difu nzima nje kwenye jua, mgongo ukalia. Kijivu. Nikaongeza bluu mpaka ikawa kama nimepaka keki. Nikachukua saa ya kupimia nafasi ya meno. Mshale niliuona ukitikisika, tarakimu zake sikuziona. Nikajaribu kwa kidole, nikipapasa palipo na mafuta na palipofutika. Kidole changu kinajua mengi lakini hicho kilikuwa kidogo kuliko kidole.

Simu ilikuwa mfukoni. Ganda ni dakika kumi na tano. Ningesema tu, "Mwaro, njoo," na angekuja, na angeona doa kwa jicho moja huku anatafuna. Nikaitoa simu. Nikafikiria anavyoingia langoni na spana zake, Kahaso akimwona, na kesho soko zima la Malindi linajua. Nikairudisha simu.

Nimeacha bati nne kulia na nne kushoto. Nilizungusha mara ya mwisho, nikatazama, na nikaona bluu katikati ya jino. Karibu na katikati. Niseme kweli angalau kwenye daftari langu mwenyewe: niliona bluu.

Nimefunga.

Ijumaa, 25 Aprili

Pikapu ya padre iko kwa Mwaro. Padre! Mtu aliyebariki gereji yangu kwa maji. Beringi za magurudumu nimemtilia mimi kabla ya Pasaka, na hakulalamika. Wanakuja kwangu wanasema "asante mzee, Mungu akubariki," kisha wanateleza kwenda Ganda. Siku hizi kila mtu anayeniamkia kwa adabu nyingi namtilia shaka.

Jumatatu, 28 Aprili

Mvua. Dawa.

Jumanne, 29 Aprili

Mvua. Barabara ya Jilore imekatika. Hakuna gari hata moja.

Jumamosi, 3 Mei

Datsun imetoka. Tumeipeleka uwanja wa mpira, Aly kwenye usukani, mimi pembeni. Difu ya kubana ikiwa mpya huwezi kuikimbiza tu; lazima sahani zizoeane, na njia yake ni kuzunguka pole pole, umbo la nane, kulia na kushoto, nusu saa nzima. Tulizunguka. Kila kona difu ilitoa mlio wa kuguguna, na hapo nilitabasamu, kwa sababu ndivyo inavyotakiwa. Aly alicheka kama mvulana.

Kisha tukashika barabara kuu kuelekea Ganda. Aly alipokanyaga mafuta ikaanza sauti nyingine. Ndefu, ya puani. Akiachia mafuta inanyamaza, akikanyaga inarudi.

"Mzee, mlio huu je?"

Niliujua. Ningeujua hata usingizini. Nimewahi kuwafukuza mafundi kwa ajili ya mlio huo.

"Ni sahani bado mpya," nikasema. "Difu ya kubana hulia mwanzoni. Zikikaa vizuri mlio utakwisha."

"Vyema," akasema Aly, na hakuuliza tena.

Alhamisi, 8 Mei

Mvua. Nimelala vibaya.

Jumamosi, 17 Mei

Jedida amekuja. Aly naye alipita na Datsun kunisalimia, akaondoka, na mlio ukamfuata mpaka kona ya msikiti. Jedida alikuwa amesimama karibu nami.

"Baba, gari linatakiwa kulia hivyo?"

"Wewe fundisha watoto kusoma."

"Nimeuliza tu."

"Hukuuliza tu. Unahesabu makosa yangu. Unataka nikosee ili unibebe Othaya ukaniketishe kwenye kiti cha plastiki nikisikiliza ng'ombe."

Aliosha vyombo vyangu vyote, hata vile visafi, akaweka matone machoni mwangu kwa mkono wake kwa sababu mimi huwa nayamwaga shavuni, akapanda gari la saa tisa. Aliposema kwaheri sikuinuka. Najuta, lakini sikuinuka.

Jumanne, 20 Mei

Mwalimu mkuu ameleta Probox abadilishiwe oili. Kacheka nami, kaniletea maembe ya makopo. Nyani huyu! Kazi kubwa kwa Mwaro, oili kwa mzee. Nimebadilisha oili bila kumwambia neno, na maembe nimempa Kahaso.

Jumatatu, 26 Mei

Padre naye, breki. Tazama basi.

Jumanne, 10 Juni

Aly amesema Datsun ataitunza nyumbani mpaka siku ya mbio, ana shughuli kadhaa za kuzungukia nayo. Nimemwambia asiikimbize. Ukweli ni kwamba nilifurahi isiwe mbele ya masikio yangu. Jumamosi difu hiyo ikivunjika mbele ya watu wa Marafa, basi itakuwa ndiyo ile kazi moja.

Jumamosi, 14 Juni

Nimerudi sasa hivi na matope mpaka kwenye nyusi, na niandike haraka kabla furaha haijapoa.

Aly alinichukua asubuhi. Nilipanda, akawasha, tukatoka, tukafika barabara ya Marafa, akakanyaga mafuta, nami nikasubiri ule mlio kama mtu anayesubiri kofi. Haukuja. Akakanyaga zaidi. Kimya. Injini tu, na mawe yakigonga chini.

"Mlio umekwisha!" nikapiga kelele.

"Umekwisha, mzee," Aly akasema, akitazama mbele.

"Nilikwambia! Sahani zimekaa!"

Nilikaribia kulia. Wiki sita nimebeba mlio ule kifuani, kumbe nilikuwa sawa. Kumbe vidole vyangu viliona kile ambacho macho yalikataa.

Marafa kulikuwa na watu kama siku ya mnada. Kilima kile ni chekundu na kimelowa miezi miwili. Mguu ukiuweka unabaki na kiatu kimoja. Magari kumi na manne yalijaribu. Kila moja lililotangulia letu lilifika nusu, gurudumu moja likaanza kurusha tope hewani, lingine likakaa kama mgeni, na gari likarudi kinyumenyume huku watu wakishangilia. Datsun ilikuwa ya tisa. Nilisimama karibu kabisa na njia kwa sababu mbali ni ukungu. Ilipofika pale pa kushindwa ilitikisika, ikainama upande, kisha nikaona tope likiruka kutoka magurudumu yote mawili, sawasawa, mistari miwili myekundu. Ikapanda. Ikapanda mpaka juu, ikapotea, tukasikia honi yake.

Watu walininyanyua. Mzee wa miaka sitini na saba, nimenyanyuliwa kama harusi. Aly aliposhuka alisema mbele ya wote, "Hii ni kazi ya Mzee Ndirangu. Baba yangu angekuwa hai angemshika mkono."

Mwaro alikuwepo. Nilimwona katikati ya watu akipiga makofi, na sijui ni shetani gani aliyenishika ulimi. Nikasema kwa sauti, kila mtu asikie, "Umeona, Mwaro? Hiyo ndiyo kazi. Wewe endelea kunyakua wateja wa watu na spana zako za Ganda."

Watu wengine walicheka. Wengi hawakucheka, na nilidhani wamenogewa na mbio.

"Nimeona, mwalimu," akasema Mwaro. "Hongera."

Nilimpigia Jedida nikiwa bado nanuka tope. Nikamwambia aiuze ile nyumba ya Othaya.

Jumatatu, 16 Juni

Kila mtu anayepita ananipongeza. Kahaso amenipa mahamri manne na mbaazi ya nazi, hataki shukrani.

Ijumaa, 27 Juni

Mvua zinakwisha. Upepo wa kusi umeanza. Matone nimeyasahau siku mbili.

Jumamosi, 5 Julai

Difu ya kubana, baada ya safari za kwanza, lazima oili yake imwagwe, maana sahani mpya huacha unga wa chuma. Aly ameacha Datsun kwangu asubuhi. Nimejilaza chini, nimefungua mfuniko wa nyuma.

Miaka yote hii mimi nakata gasketi ya kuzibia difu kwa karatasi ngumu ya boksi la sabuni, napaka grisi, nafunga. Gundi ya silikoni situmii, nimewatukana mafundi wengi kwa ajili yake. Nilipopitisha kidole kwenye ukingo wa mfuniko nikakuta kitu laini, cha kuvutika. Nikakinusa. Silikoni.

Kisha nikafungua pembeni, nikahesabu zile bati nyembamba kwa ukucha. Tano kushoto, tatu kulia. Nikahesabu tena. Mimi niliacha nne nne.

Nikarudisha kila kitu nilivyokikuta. Kahaso akauliza mbona sijanywa chai.

Jumapili, 6 Julai

Nimekwenda Ganda baada ya kanisa, na viatu vya kanisani. Mwaro alikuwa peke yake uwanjani, anafua ovaroli. Akajipangusa mikono.

"Shikamoo, mwalimu."

"Nani amefungua difu ya Datsun?"

Hakujifanya hajui. Namjua tangu ana miaka kumi na tisa, hajawahi kuwa mwongo.

"Ni mimi."

"Nani alikuita?"

"Hakuna aliyeniita. Ndiyo maana sikuja kwako. Gari lilikuja kwangu. Aly alilileta siku mbili kabla ya mbio."

"Ukakuta nini?"

"Meno yalikuwa yanaumana juu, kwenye ncha. Nimehamisha bati moja tu, kulia kwenda kushoto. Sahani zilikuwa sawa, bolti sawa, kila kitu sawa, mwalimu. Ni kazi safi. Ni bluu tu ambayo hukuiona."

Alilisema kwa upole, na hapo nikataka kumpiga.

"Aly alisema nini?"

"Alisema, 'Mwaro, litengeneze, lakini mzee asijue. Usimvunjie heshima yake.'"

Nikasimama pale kwenye matope. Nikakumbuka Probox. Sikutaka kuuliza, na mdomo ukauliza wenyewe.

"Na gari la mwalimu mkuu?"

"Mwalimu, keti kwanza nikuletee maji."

"Sikuja kukaa! Na pikapu ya padre?"

Akatazama mikono yake.

"Probox gia ya tatu ilikuwa inaruka. Pikapu, beringi moja iliingia kinyume. Na mengine. Nikiyamaliza, kila mwenye gari namwambia arudi kwako kwa oili, kwa breki, kwa vitu vidogo. Niliwaambia, mkimwacha mzee bila kazi atakufa."

"Tangu lini?"

"Tangu Disemba. Kahaso alinipigia simu. Alisema unatafuta spana iliyo mbele yako mezani."

Tangu Disemba. Daktari nilimwona Februari. Walijua kabla yangu.

"Miezi saba," nikasema. "Miezi saba, Mwaro, na hukuweza kuja ukaniambia?"

Na hapo kwa mara ya kwanza sauti yake ikapanda.

"Ningekuambia nimesimama wapi? Kwako siingii mpaka uniite. Sheria ni yako. Kila asubuhi nilikuwa naweka simu juu ya benchi nikisema leo mzee ataita. Hukuita. Ukanitukana Marafa mbele ya mke wangu na bado nilisema leo huenda ataita."

Mtu akikuibia unajua la kufanya: unapiga kelele, unaita polisi, unamchukia kwa raha zako. Huyu hajaniibia kitu. Amefanya kazi yangu kwa siri, jina akaniachia mimi. Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia Mwaro dakika ile, na chuki ile haikuwa na mahali pa kuishika. Nilimpa mgongo nikaondoka. Sikumshukuru wala sikumwomba msamaha. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Jumatatu, 7 Julai

Sikufungua.

Jumanne, 8 Julai

Sikufungua. Kahaso amebisha mlango wa nyumba na chai. Sikumfungulia.

Alhamisi, 10 Julai

Nimefungua. Aly amekuja kuchukua gari. "Mzee, vipi difu?" Nikasema iko salama. Akasema alhamdulillahi. Tulitazamana, yeye ananificha, mimi namficha kwamba najua ananificha, na tukapeana mikono. Mtu mwema kabisa.

Wanaopita wananisalimia kama kawaida. Sasa ndiyo nasikia: wanasalimia polepole na kwa sauti ya juu, kama mtu anavyosalimia mgonjwa.

Jumanne, 15 Julai

Leo asubuhi ameingia mama mmoja wa Jilore, anaitwa Easter, na pikapu ya kubebea mananasi. Nilimsikia kabla hajafika langoni: difu yake inalia, mlio mrefu wa puani, akikanyaga tu.

"Nimeambiwa wewe ndiwe fundi uliyepandisha Datsun Marafa," akasema. "Nimekuja kwako moja kwa moja."

Nikaweka kiganja juu ya difu yake. Ilikuwa ya moto. Kazi ya siku mbili, kazi ninayoipenda kuliko zote, imejileta yenyewe. Kahaso alikuwa ananawa vikombe, na nilijua bila kumwona kwamba mkono wake umesimama. Jioni hii angempigia Ganda simu. Kesho kutwa mama huyu angepelekwa kwa Mwaro kwa njia za pembeni, na wiki ijayo angerudi kwangu na mananasi mawili na tabasamu, abadilishiwe oili.

"Peleka Ganda," nikamwambia. "Uliza Mwaro."

"Kwani una kazi nyingi?"

"Sina. Sioni."

Neno hilo sijawahi kulitamka kwa sauti mbele ya mtu. Mama akasema pole, akawasha pikapu, akaondoka na mlio wake. Kahaso aliacha vikombe. Alileta kiti akakiweka nyuma yangu, nikakaa.

Nikampigia Jedida. Nikamwambia aje Jumamosi na lori la kubeba vitu.

"Umeharibu kazi, Baba?"

"Ndiyo."

"Ngapi?"

"Sijui," nikamwambia. "Walinificha."